Kumtunza Kokatili Aishi Umri Wake



Juma hili ukurasa wetu umetoka mbali na bahari. Mwezi wa Rajabu tulisafiri hadi Malaba kumjulia hali dada yetu, ambaye mumewe ni wakala wa forodha. Ni mmoja wa watu wetu wengi waliofuata mizigo ya bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Uganda, wakahamia huko na wake zao na watoto wao, wakaizoea mvua ya alasiri na ubaridi wa usiku. Wengine wako Busia, mwendo wa kiasi cha kilomita 30 upande wa kusini. Wasomaji wetu wa pande hizo hulipata jarida hili kwa basi la usiku, na mara kwa mara hutulalamikia kuwa tunaandika kana kwamba watu wa pwani wanaishia Mariakani. Wana haki.

Sebuleni mwa dada yetu tulikuta tundu la ndege limefunikwa kanga. Lilikuwa tupu, na mpwa wetu, binti wa miaka tisa, hakutaka liondolewe wala lisogezwe. Ndege wake alikuwa amekufa siku nne kabla ya sisi kufika.

Alikuwa kokatili, yule ndege wa jamii ya kasuku lakini mdogo na mwembamba, mwenye mwili wa kijivu, uso wa manjano, baka la rangi ya chungwa shavuni, na kishungi kinachosimama anaposhtuka na kulala anapotulia. Asili yake ni Australia, ila hawa wanaouzwa kwetu wamezaliwa matunduni, wana wa waliozaliwa matunduni. Jina lake linakaribia kuwa tusi kwa Kiswahili, ilhali ni katika ndege wapole kabisa: hupiga miluzi, hujua saa ya mwenyewe kurudi kutoka madrasa, na huinamisha kichwa ili akunwe shingo.

Jioni ya kwanza mtoto alituuliza, "Mama mdogo, ndege kama wangu huishi miaka mingapi?" Tukamjibu ukweli: akitunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20, na wako waliozidi hapo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wangu alikuwa na mitatu."

Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na hilo hatulijadili. Lakini Uislamu haukutuachia wanyama bila hesabu. Sote tumefundishwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na malipo aliyoyapata. Tumefundishwa pia habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na jinsi Mtume swallallahu alayhi wasallam alivyokuwa akimtania kwa upole kwa kumwuliza habari za kindege hicho. Wanazuoni wamechukua katika kisa hicho ruhusa ya mtoto kufuga ndege, kwa sharti la kumlisha na kutomtesa. Basi swali la mpwa wetu ni swali la haki, nasi tulikaa na mama yake tukaitafuta sababu.

Haikuchukua muda. Siku ile ndege alipokufa, kikaango kilikuwa juu ya moto, kile cha kisasa chenye utando mweusi usioshika chakula. Simu ililia: mzigo umezuiliwa, karatasi fulani haionekani, baba hayuko. Dada yetu akatoka mbio kutafuta karatasi, na kikaango kitupu kikabaki motoni kikaungua. Aliporudi alizima moto, akafungua dirisha, akaendelea na shughuli zake. Hakuna mtu aliyekohoa. Baada ya Maghrib mtoto alimkuta ndege chini ya tundu.

Wengi wetu hatujui kuwa utando ule, ukipashwa moto kupita kiasi, hutoa hewa yenye sumu ambayo binadamu aghalabu haimdhuru sana, lakini huweza kumwua ndege kwa dakika chache, hata akiwa chumba kingine. Sababu ni maumbile yake. Mapafu yetu huvuta hewa na kuitoa kwa njia ileile. Ndege ana mapafu pamoja na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na hewa hupita mapafuni mwake kwa mkondo mmoja usiokatika, avutapo na atoapo. Ndiyo sababu huweza kuruka mwendo mrefu bila kuishiwa pumzi, na ndiyo sababu kila kibaya kilichomo hewani humwingia kwanza na kwa wingi. Wachimba makaa wa Uingereza walikuwa wakishuka migodini na ndege waitwao kanari kwa ajili hiyo hiyo: ndege akizimia, watu hukimbia. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1986.

Sasa tuseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Udi na ubani pia ni moshi. Nasi twapenda nyumba inukie siku ya Ijumaa, twapenda kufukiza nguo na nywele, na hatumwambii mtu aache mila ya bibi yake kwa ajili ya ndege wa gramu 90. Lakini chetezo kisiingie chumba chenye tundu. Mtoe ndege kwanza, mpeleke chumba kingine, funga mlango, fukiza, fungua madirisha, ngoja moshi uishe kabisa, ndipo umrudishe. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kuwasha au ya kupuliza, marashi ya kupuliza, jiko la mkaa, na sigara ya mgeni. Huko Malaba na Busia ongeza moshi wa malori yanayonguruma barabarani yakingoja zamu ya kuvuka. Dirisha linaloelekea barabara kuu si mahali pa kuweka tundu, hata kama ndege hufurahi kutazama watu. Dada yetu amelihamishia tundu kwenye chumba cha nyuma kinachotazama uani, na kikaango amekitoa nyumbani. Siku hizi anapikia sufuria za kawaida.

Hata hivyo kikaango hakikuwa peke yake. Tulipouliza zaidi tulibaini kuwa ndege yule kwa miaka mitatu alikula mbegu tupu: mtama, ulezi, na alizeti kwa wingi kwa sababu aliipenda. Mbegu za alizeti zina mafuta mengi. Kokatili anayekula mbegu peke yake hukosa vitamini A na madini ya chokaa, ini lake huingia mafuta, na ingawa huonekana mchangamfu, umri wake unapungua pole pole. Soko la Busia halina udhuru katika hili. Mchicha upo, sukuma wiki ipo, karoti, boga, pilipili hoho, mahindi mabichi. Majani yaoshwe vizuri, yakatwe madogo, yatolewe asubuhi wakati ndege ana njaa, na mabaki yaondolewe baada ya saa chache kabla hayajachacha. Mbegu ziendelee kwa kipimo. Anayeweza kupata chakula cha punje kilichotengenezwa mahususi kwa jamii ya kasuku na akichanganye humo, ni bora zaidi. Lakini asibadilishiwe ghafla. Kokatili aliyezoea mbegu huweza kukaa na njaa mbele ya bakuli la mboga kwa kuwa haoni kuwa ni chakula. Mfundishe kwa majuma kadhaa, ukila naye karoti mbele yake, kwani huiga anaowapenda.

Viko vitu vya kumnyima kabisa. Cha kwanza ni parachichi, na tunalitaja kwanza kwa sababu pande zile ni rahisi na tele, na mtoto mkarimu atampa ndege kipande bila kuuliza. Parachichi ni sumu kwa ndege. Chokoleti, kahawa, vitunguu na vyakula vya chumvi navyo vikae mbali. Halafu kuna kuvu. Wasomaji wa mpakani watakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, na malori yakakwama Busia na Malaba. Sumu hiyo ndiyo hiyo iharibuyo ini la ndege, na karanga huiota upesi kama mahindi. Punje yenye harufu ya uvundo, iliyobadilika rangi au kusinyaa, itupwe. Usiseme, "Ni ya ndege tu."

Tulipofika hapa dada yetu alituuliza, mbona hakuonyesha dalili yoyote? Hili ndilo tungependa kila mwenye ndege alishike kuliko mengine. Kokatili huficha ugonjwa wake. Porini, ndege anayeonekana mnyonge katika kundi ndiye anayechaguliwa na mwewe, basi ameumbwa kujikaza mpaka hana nguvu tena ya kujikaza. Siku unapomwona amejivimbisha manyoya mchana, amekaa chini ya tundu, mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, ugonjwa haukuanza siku hiyo. Huenda ulianza majuma mawili nyuma.

Lakini mizani haifichiki. Kokatili mzima aghalabu huwa na uzito wa gramu 80 hadi 100, na kila mmoja ana uzito wake wa kawaida. Mpime mara moja kwa juma, asubuhi kabla hajala, kwa mizani midogo ya jikoni inayosoma gramu. Mweke kijiti juu yake asimame hapo, uandike. Akipungua sehemu moja katika kumi ya uzito wake, usingoje dalili nyingine, mpeleke kwa daktari. Tazama pia kinyesi kila asubuhi unapobadilisha karatasi, uijue rangi na hali yake ya kawaida, ili ujue inapobadilika.

Kuhusu daktari, tuseme kweli. Wa mifugo huko mpakani wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na hakuna aibu katika hilo. Mwendee mapema, ndege akiwa mzima, umwulize kama amewahi kumtibu wa jamii hii, na kama sivyo ni mwenzake yupi humwuliza. Kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na simu ya daktari kwa daktari huokoa safari. Wakati unangoja msaada, mpe joto: sanduku dogo, kitambaa, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto aweze kusogea.

Ndege asichanganywe na kuku wa uani. Kideri hakichagui, nawe huwezi kujua kuku wa jirani ametoka wapi.

Usiku una mambo yake. Kokatili wana tabia ya kushtuka gizani, wakajipigapiga kwenye nyaya za tundu hadi kuvunja manyoya ya mabawa na kutoka damu. Mwanga unaopita ghafla ukutani hutosha kuwashtua, au kishindo. Wenye nyumba kando ya barabara ya Malaba wanajua taa za malori saa nane za usiku, na honi zake. Pazia zito dirishani, tundu lifunikwe pande tatu, na taa ndogo hafifu iachwe ikiwaka ili akishtuka aone kijiti chake. Dada yetu alikuwa akifunika tundu zima na kuzima kila kitu, akidhani ndio huruma.

Na alale saa 10 hadi 12. Ramadhani inakaribia, inshaAllah, nyumba zetu zitakuwa macho kuanzia futari, tarawehe, wageni, mpaka daku. Ndege hana habari na hayo. Baada ya Maghrib apelekwe chumba kisichotumika na aachwe humo mpaka asubuhi. Mwezi mzima wa kukosa usingizi humdhoofisha, na kwa jike huleta jambo jingine, kwani mwanga mrefu humfanya adhani msimu wa kuzaa umefika. Jike la kokatili hutaga hata bila dume, yai baada ya yai, na kila yai hunyonya chokaa ya mifupa yake. Yai huweza kumkwama, na hapo ni dharura ya saa, si ya siku. Akianza kutaga, mpunguzie saa za mwanga, ondoa visanduku na pembe zenye giza anazozifanya kiota, msimpapase mgongoni, na mayai yake msiyaondoe haraka, maana atataga mengine kufidia. Ayaatamie mpaka achoke mwenyewe.

Katika hili sisi wa pwani tunao utajiri. Kile kifupa cheupe chepesi cha dome, ambacho watoto hukiokota ufuoni na kukitupa, ndicho chokaa wanayouziwa wafuga ndege mijini kwa bei. Kiloweke maji baridi siku mbili tatu ukibadilisha maji ili chumvi itoke, kikauke juani vizuri, kisha kifungwe kwenye nyaya za tundu. Atakiguguna mwenyewe kwa haja yake.

Akina mama wametuuliza zamani kuhusu tohara. Wengi wetu tunafuata madhhab ya Imamu Shafi, na humo kinyesi cha ndege ni najisi. Basi nguo za sala na msala visikae chumba anamoruka, na bega la buibui si mahali pa ndege. Ufafanuzi zaidi muulizeni sheikh wenu wa mtaani. Sisi tunaongeza la afya: karatasi ya tundu inyunyiziwe maji kabla ya kuondolewa, vumbi lisipande, kwani ugonjwa wa mapafu huweza kupita kutoka kwa ndege hadi kwa mtu kwa njia hiyo. Mjamzito na mwenye pumu wamwachie mwingine kazi hii.

Siku ya tatu ya ziara yetu shemeji alirudi na habari njema, kwa dhana yake. Kijana mmoja kutoka ng'ambo alikuwa amemwahidi kasuku mkubwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayejua kusema, kwa bei ndogo ya kushangaza. Baba alitaka kumfuta mwanawe machozi, na ni nani asiyemwelewa? Tulikaa naye mpaka usiku.

Kasuku yule si kokatili mkubwa. Ni ndege wa misitu ya Kongo na Uganda, na kwetu Kenya wamebaki wachache mno upande wa Kakamega. Katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, nchi zilizotia saini mkataba wa CITES zilimweka katika daraja la juu la ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imekatazwa. Hapa Kenya, Shirika la Wanyamapori, KWS, liliwapa waliokuwa nao majumbani muda wa kuandikisha, Januari hadi Machi 2022, bila kushtakiwa. Muda huo umekwisha. Aprili ya mwaka huohuo, Uganda ilikamata zaidi ya kasuku 100 wilayani Kisoro, mpakani mwa Kongo. Anayeuzwa kwa siri kituoni, kwa bei ndogo, bila karatasi, jiulize ametoka wapi na wenzake wangapi wamefia njiani. Tena wakala wa forodha, ambaye riziki yake yote ni karatasi, aweke sebuleni kiumbe kisicho na karatasi? Shemeji alicheka kwa hilo, kisha akapiga simu kuvunja ahadi.

Baada ya arubaini hivi alipatikana kokatili mchanga kwa mfugaji mmoja wa Nairobi, aliyezaliwa tunduni, na mfugaji akaandika tarehe ya kutotolewa. Kabla hajaletwa, mpwa wetu aliambiwa ahesabu: akijaaliwa, ndege huyu atakuwa hai yeye akimaliza shule, na labda siku ya harusi yake. Aliombwa afikiri siku tatu kama anaitaka kazi hiyo. Alifikiri siku moja.

Kijitabu cha uzito kimening'inizwa karibu na tundu, kwa mwandiko wake. Juma la kwanza gramu 84, ndege akiwa mgeni na hali vizuri. La pili 86. Jumatatu iliyopita ametuletea ujumbe kuwa amefika 91, kwamba amekula mchicha mara ya kwanza bila kulazimishwa, na kwamba kifupa cha dome kimekwisha. Tumempelekea viwili kwa basi la usiku, pamoja na nakala ya jarida hili.